Miti Iliyopiga Chafya

Hapo zamani, katika siku ambazo wakubwa hawakutoka nje ila kwa mtu wa kuwashikia mwavuli, alikuwako sultani katika mji wa Tumbwini, jina lake Haidari. Jumba lake lilikuwa juu ya kilima, na chini ya kilima palikuwa na bonde la majimaji lililoota matete na mikindu, na humo wanawake wa mji walilima magimbi na kukata ukindu wa kusukia mikeka. Zamani za babaye Haidari kilima kile kilikuwa msitu mtupu. Haidari alipotawala aliukata wote, akautia kuni katika matanuri ya kuchomea chokaa, na chokaa ile akaipaka jumba lake hata likawa jeupe kiasi cha kuumiza macho. Tangu hapo jua la Tumbwini halikuwa na kizuizi, ikawa kuku wa mjini wanawafuata ng'ombe kutwa nzima, ili wapate kusimama chini ya matumbo yao.

Miongoni mwa wanawake wa bondeni alikuwako mjane mmoja, Mwanamvua binti Chande, maskini wa kutupwa. Mali yake ilikuwa jembe, chungu na mdomo, na mzigo wake ulikuwa mama mkwe kipofu, ambaye hakuijua njia yoyote duniani ila ile ya kushuka bondeni, kwa kuipapasa kwa nyayo. Watu walimwita Mwanamvua punguani, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuyachukua maneno kama yalivyosemwa. Jirani akimwambia, "Nyumba yangu ni yako," kesho yake alimkuta sebuleni anahamisha vyombo, akilalamika kwamba kitanda kimewekwa vibaya. Wengine walisema hana akili. Wengine walisema anazo, ila amezificha mahali ambapo wakubwa hawawezi kuzitoza kodi.

Basi siku moja Sultani Haidari alikwenda kumtembelea Sultani Nasibu wa Mirirani, na huko akatembezwa katika bustani ya msituni. Akaona njia inayozunguka baina ya miti mikubwa, kila mahali kivuli, hata mshika mwavuli wake akakosa kazi, akawa anautumia mwavuli kama fimbo. Njia ile ikashuka hadi kwenye kinamasi, ikavuka juu ya ulalo wa magogo, na pande zote mbili yungiyungi zimechanua, na ndege kulastara wamesimama wanaitazama miguu yao. Haidari hakulala raha tena. Alipokuwa akiaga, Nasibu akamwambia, "Masika yakiisha nami nitakuja kwako, ndugu yangu," na neno lile likamkaa Haidari kooni kama mwiba wa samaki.

Alipofika kwake akaita baraza, akasema, "Nataka njia za kivuli, na bwawa la maua, na msitu. Tena Nasibu atakapokuja, avikute vyote."

Waziri wake mkuu, jina lake Badi, akainama hata ndevu zikagusa zulia. "Mola wangu, toa neno tu. Miti itaota kwa kuona haya."

Haidari akatoa neno. Wanawake wakafukuzwa bondeni na askari, magimbi yao yakang'olewa yangali machanga, na kazi ya kupanda ikagawiwa wakubwa wa baraza, kila mmoja na kipande chake cha njia. Lakini wakubwa wale hawakuwa watu wa kushika jembe. Walituma punda hadi msitu wa jirani, wakaletewa matawi yaliyokatwa, wakayachomeka ardhini kando ya njia kama mishumaa. Yungiyungi nazo wakazitupa majini kutoka mbali, wasije wakachafua kanzu. Kwa siku chache bustani ilipendeza sana. Kisha matawi yakanyauka, majani yakapukutika, na yungiyungi zikaelea matumbo juu kama samaki waliokufa.

Sultani alipokwenda kuitazama bustani yake akakuta kuni. Akapandisha hasira, akapiga kelele, "Badi! Miti yangu ina nini?"

Waziri Badi hakusita hata kidogo. "Uchawi, mola wangu. Wanawake wa bondeni wameiroga, kwa uchungu wa magimbi yao."

"Basi waje waiondoe dawa yao," akasema Haidari. "Mgeni wangu yu njiani. Nisipopata kivuli, siwataki tena katika nchi hii, wao na watoto wao na vikongwe wao."

Habari zile zilipofika mjini, wanawake walilia. Mwanamvua hakulia. Alikuwa ameketi mlangoni anasuka ukili wa mkeka, na mama mkwe wake kando yake akauliza, "Huko tuendako, mwanangu, kuna mteremko? Maana mimi miguu yangu imezoea mteremko." Mwanamvua akauweka ukili chini, akajifunga kanga kiunoni, akatwaa jembe lake, akapanda kilimani.

Wenzake wakamfuata. Wakaingizwa barazani, na wakubwa wote wameketi kwa vyeo vyao, vilemba vyao kama mafungu ya pamba. Mwanamvua akasema, "Shikamoo, mwinyi."

"Marahaba. Ndiwe uliyeiroga miti yangu?"

"Mola wangu, ningalijua kuroga, ningalianza na waheshimiwa hawa. Miti haikunikosea kitu."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakashika vinywa. Haidari akamkazia macho, akasema, "Ulimi wako mrefu, bibi. Kivuli nitakipata au sikipati?"

"Utakipata, na siku ile ile atakayofika mgeni. Lakini naomba unipe bustani yote mkononi mwangu, nipande nitakacho. Tena uape mbele ya watu hawa: nitakachokipanda kisiguswe wala kisitolewe na mtu yeyote, hata wewe mwenyewe, mpaka niseme mimi."

"Na kivuli kikikosekana?"

"Nipande mimi, kichwa chini."

Sultani akapendezwa na sharti lile, akaapa kwa sauti kubwa, na baraza zima likasikia. Ndipo Mwanamvua akawageukia wakubwa, akawainamia kwa adabu nyingi. "Waheshimiwa, mimi ni mwanamke mjinga, sijui mambo ya jumbani. Nina swali moja tu. Katika nchi hii, ni nani aliye kivuli cha Sultani wetu?"

Hakuna aliyengoja mwenzake. Waziri Badi alikuwa wa kwanza kuruka juu. "Ndimi! Maisha yangu yote nimesimama baina yake na kila kimchomacho. Mimi ni mvule wake, na matawi yangu humfunika usiku na mchana."

"Na mimi!" akasema mshika hazina. "Nimeota mizizi mbele ya kiti chake. Hakuna anibanduaye."

Kibwana, malenga wa jumba, akaona anaachwa nyuma. Akapaza sauti kwa mahadhi, "Mimi ni yungiyungi katika bwawa la utukufu wake! Mizizi yangu i matopeni mwa nyayo zake, na uso wangu unamwelekea yeye kama jua!"

Wakaendelea hivyo wote, huyu msufi, huyu mzambarau, wakisukumana kwa viwiko, na karani mmoja mnene aliyekosa mti akasema yeye ni kichaka. Mwanamvua akawasikiliza hadi wa mwisho, akitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akamgeukia Sultani.

"Mola wangu, umesikia kwa masikio yako. Nilikuwa nikijiuliza miti mikubwa kama hii nitaitoa wapi, kumbe unayo humu ndani, umeiweka juu ya mazulia. Mimi si mtu wa kubisha maneno ya wakubwa. Wamesema ni miti. Nitawapanda."

Waziri Badi akacheka kidogo, akatazama huku na huku amtafute wa kucheka naye, asimpate.

Haidari akawatazama wakubwa wake mmoja baada ya mwingine. Akamkumbuka Nasibu, na ule mwavuli uliogeuzwa fimbo. Akauliza, "Mgeni hatawatambua?"

"Nitawavika majani, mola wangu. Ataona msitu."

"Basi wapandwe," akasema Sultani.

Ikawa asubuhi ya siku ile ya mgeni, umande ungali majanini, wanawake wa bondeni wakachimba mashimo kando ya njia, na tangu Tumbwini iumbwe hapakuwahi kuwa na kazi iliyofanywa kwa moyo mweupe namna ile. Kila mkubwa alitiwa shimoni hadi magotini, akafukiwa, na udongo ukashindiliwa kwa miguu. Wakafungiwa makuti mikononi na matawi mabichi vichwani, wakaamriwa kunyosha mikono juu ya njia. Kibwana malenga akapelekwa kinamasini, akakalishwa katika tope hadi kifuani, na jani la yungiyungi likawekwa juu ya kilemba chake. Yungiyungi za kweli nazo Mwanamvua akazizamisha moja moja, kila shina akilifungia jiwe likae chini matopeni, maana hizo zilikuwa na mizizi.

Waziri Badi akaona wanawake wawili wanakuja na karai. "Hii nini?"

"Samadi ya ng'ombe, bwana mkubwa. Ili ushike vizuri."

"Inanuka!"

"Miti haisemi," Mwanamvua akamwambia, akimwagia mguuni. "Ukiendelea kusema, watu watadhani umerogwa."

Jua lilipopanda, Sultani Nasibu akafika na watu wake, akapokewa kwa ngoma, na Haidari akamshika mkono akamwingiza katika njia. Naam, kivuli kilikuwapo. Njia ilipinda ikapinduka, na pande zote mbili majani yalikutana juu, na kwa mara ya kwanza Haidari akamwamuru mshika mwavuli wake aufunge. Akatembea kifua mbele. Mwanamvua akafuata nyuma yao na jembe begani, kama mtunza bustani yeyote.

"Maashallah," akasema Nasibu. "Miti imekuwa upesi."

"Ardhi yetu ina rutuba," akasema Haidari.

Walipofika kwa mvule wa kwanza, matawi yakatikisika, na upepo haupo. Maana katika matawi yale mabichi walikuwamo maji moto, wale siafu wekundu wa mtini, nao walikuwa wameiona njia ya kushukia ndani ya kanzu ya Waziri Badi. Mti ukajipinda kushoto. Ukajipinda kulia. Kisha ukavuta pumzi, ukapiga chafya iliyoangusha makuti.

Nasibu akasimama. "Ndugu yangu Haidari, mti wako umepiga chafya."

"Ni hali ya hewa," akasema Haidari, na jasho likamtoka humo humo kivulini.

Mti wa pili ukapiga chafya, na wa tatu ukasema, "Yarhamukallah." Nasibu akaufuata ule wa kwanza, akauzunguka, akaona ndevu. Akaziba mdomo kwa ncha ya kilemba, akamgeukia mwanamke mwenye jembe.

"Mama, mti huu unaitwaje?"

"Huu unaitwa waziri, bwana wangu. Hauzai tunda, haufai ubao, ukiuchoma hautoi hata chokaa. Ila kwa kula mbolea, hakuna unaoushinda."

"Na ule?"

"Ule ni mshika hazina. Ni wa jamii ya kifauongo: ukiunyoshea mkono tu, unajikunja."

Wakati ule ule ukasikika ukelele kutoka kinamasini. Ruba mnyonya damu alikuwa amempata Kibwana mahali pasipotajwa mbele za watu, na malenga yule, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema maneno marefu yasiyo na vina wala mizani. Kulastara wote wakaruka.

Hapo Nasibu akashindwa kujizuia, akacheka hata akaketi chini njiani. Alipoweza kusema tena akafuta machozi, akatazama kilima. "Lakini Haidari, nilikuja hapa na baba yangu nikiwa kijana. Kilima hiki kilikuwa na msitu wa kumpoteza mtu. Ulikwenda wapi?"

Mwanamvua akanyosha jembe lake akaonyesha jumba lililometameta juani.

"Ule pale, bwana wangu. Haujaenda mbali. Umepakwa ukutani."

Nasibu hakucheka safari hii. Wala hakuna mwingine aliyecheka. Mwanamvua akamtazama Sultani wake, akaona masikio yamegeuka rangi, akajua kwamba amepita mpaka ambao maskini huupita mara moja tu katika maisha yake. Lakini akamkumbuka yule kikongwe aliyeuliza habari za mteremko, akabaki amesimama.

"Wang'oe," akasema Haidari kwa sauti ndogo.

"Bado hawajashika, mola wangu."

"Wang'oe, nakuambia!"

"Uliapa, mola wangu. Hata wewe mwenyewe."

"Aliapa?" Nasibu akauliza.

Haidari akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema, "Watatoka lini, bibi?"

"Nikijua kwamba hawana mizizi. Naomba ruhusa niwaulize." Akamwendea Waziri Badi, ambaye uso wake sasa ulikuwa umevimba kwa maji moto. "Bwana mkubwa, ile miti ya kwanza ilikauka kwa sababu gani?"

"Uchawi!" akafoka Badi.

"Haya. Akina mama, leteni karai lingine."

"La! La, ngojeni!" Waziri akatupa makuti. "Hatukuipanda! Tulichomeka matawi tu, hayakuwa na mizizi! Na wazo halikuwa langu, lilikuwa la mshika hazina!"

"Mwongo!" ukajibu ule mti wa pili. "Punda walikuwa wako!"

Ikawa msitu mzima unashitakiana. Huyu akamtaja huyu, kichaka kikamtaja mvule, na kutoka kinamasini Kibwana akaungama mambo ambayo hata hakuulizwa. Haidari akasimama katikati ya njia akisikiliza. Kidogo tu, na angewafukuza vikongwe katika nchi kwa ajili ya kuni. Akajiona mdogo, tena mbele ya mgeni.

Akamwambia Mwanamvua, "Sema unalotaka."

"Bonde letu, mola wangu, na lisiguswe tena. Njia ipite kando ya magimbi, ivuke maji kwa ulalo. Ukindu na yungiyungi zinajua kukaa pamoja, ni watu tu wasiojua. Na waheshimiwa hawa wakitoka, kila mmoja apande katika shimo lake mti wenye mizizi, autilie maji kwa mkono wake mwenyewe, mpaka umpite urefu."

"Umepata," akasema Haidari. "Sasa wang'oe, kabla Badi hajazaa matunda."

Wakang'olewa mmoja mmoja, wanawake wakivuta kwa kuhesabu pamoja kama watu wanaovuta jahazi. Waziri Badi alitoka bila kiatu kimoja. Akaomba kichimbuliwe, wanawake wakakataa, wakasema kiachwe, huenda kikaota.

Sultani Nasibu alipokuwa akipanda farasi wake kurudi Mirirani, akamwinamia mwenyeji wake, akasema, "Nimefurahi sana. Ila nimehesabu mashimo yote, ndugu yangu, na lako sikuliona." Akaenda zake.

Kabla ya jua kuchwa watu wa Tumbwini walimwona Sultani wao anashuka bondeni peke yake, anaazima jembe kwa mwanamke wa kwanza aliyekutana naye, na kuchimba shimo baya, la mshazari, ambalo Mwanamvua alilirekebisha. Akapanda mzambarau.

Mvua zikaja, zikapita. Njia ikatengenezwa taratibu, ikikwepa magimbi. Kila asubuhi wakubwa wa Tumbwini walionekana wanateremka na ndoo, wakigombana nani amechota maji ya mwenzake, na Waziri Badi, ambaye alikuwa mrefu kuliko wote, akawa analaani urefu wake.

Hata siku moja, adhuhuri, jua limesimama utosini, Mwanamvua alikuwa akipalilia, akamwona Sultani anamwagilia mzambarau wake, ambao ulikuwa bado haujafika hata gotini. Haidari akaweka ndoo chini, akafuta jasho.

"Bi Mwanamvua, niambie kweli. Mti huu utanipa kivuli lini?"

"Unakupa hata sasa, mola wangu."

"Wapi? Sikioni."

"Vua kiatu." Akavua. "Sogeza mguu. Kidogo tena. Hapo, usitikisike."

Haidari akatazama chini. Majani yale machache yalikuwa yametupa kivuli, nacho kimeangukia kidole gumba cha mguu wake wa kulia, kikakifunika barabara.

"Kidole kimoja!"

"Leo kidole, mola wangu. Viungo vingine vingoje zamu yao."

Sultani akabaki anakitazama kile kidole kilivyostarehe peke yake, hali mwili mwingine wote unaungua, na cheko likamjia kutoka mbali, likampanda, akacheka hata kilemba kikamtoka kichwani kikaanguka majini kati ya yungiyungi. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu wa kumwokotea. Akainama akakiokota mwenyewe, akakikamua nusunusu, akakivaa vivyo hivyo kibichi, akasema kwamba hakika kinaburudisha.